Pikipiki ya Siku ya Mnada

Sajenti Asteria alipofika Didia, saa nne na nusu asubuhi, maiti ya Samwel ilikuwa imekwisha kufunikwa. Aliyeifunika alitumia shuka jipya, jeupe, lenye mikunjo ya dukani bado. Ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe waliendelea kuvuka lami kwenda kuuzwa, na dume mmoja wa kijivu alikuwa amelala ubavuni akihema, mguu umevunjika, kwa kuwa ndiye aliyegongwa. Watu walikuwa wameanza kubishana juu ya nyama yake hata kabla hajafa.

"Nani amemfunika marehemu?" Asteria aliuliza.

"Ni mimi, afande." Alijitokeza mzee mwembamba mwenye rozari shingoni. "Naitwa Ansgar, nakaa Kambarage. Nilikuwa napita na pikapu yangu. Sikuweza kumwacha na nzi."

Asteria alimshukuru kwa moyo. Katika kazi yake alikuwa ameona watu wakipekua mifuko ya marehemu kabla ya kumfumba macho. Mtu wa kufunika hakumwona mara nyingi.

Mke wa Samwel aliletwa na wanawake wawili wakimshika mabega. Jina lake Jenifa, nyumba yake ilionekana kutoka pale pale barabarani. Hakulia. Alisema neno moja tu, akalirudia kwa kila aliyemsogelea.

"Alinipigia simu asubuhi. Akasema, toka nje mke wangu, usikie muungurumo."

Mzee Ansgar akavua koti lake, akamvika.

Askari wa usalama barabarani alikwisha kuandika. "Kijana, pikipiki kuukuu ya mbio, ng'ombe katikati ya njia," alimwambia Asteria. "Hapo unataka nini tena, Mama Donatus?"

"Nataka alama za matairi," alisema Asteria. "Mtu akiona ng'ombe mbele hubana breki. Hapa lami haina hata mkwaruzo."

Alichuchumaa kando ya pikipiki. Ilikuwa nyeusi, imelala mtaroni, ganda lake la plastiki limepasuka. Akabana mkono wa breki ya mbele. Ukaenda mpaka mwisho kama mkono wa mtu aliyezimia. Akafuata mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, akakuta umepasuka. Akakanyaga breki ya nyuma. Nayo haikushika. Mpira wake ulikuwa umepasuka pia.

"Mmoja kupasuka, nitasema uchakavu," alisema. "Yote miwili, saa moja, dakika moja?"

Askari mwenzake alicheka. "Mkosi haupigi hodi, mama."

Asteria alikata vile vipande viwili vya mpira akavifunga katika leso. Aliokota na kipande cha ganda jeusi. Alipoitazama mipira juani, aliisogeza karibu na macho. Nusu ya unene wa kila mpira ilikuwa laini, imekatwa kwa wembe. Nusu ya pili ilikuwa imechanika. Mtu alikata kiasi, akabakiza utando. Ukibana breki taratibu mjini, utando unashika. Ukibana kwa nguvu zote, mbele ya ng'ombe, unapasuka.

Samwel alikuwa ameuawa.

Alipoinuka, wazee wa ukoo walikuwa wanaizunguka pikipiki wakiwa wamegeuza nyuso. Kwao kitu kilichoua hakilali nyumbani. Hakiuzwi wala hakirithiwi, na kinapaswa kiwe kimeondoka kabla kaburi halijafunikwa.

"Kiondoke," alisema baba mkubwa wa marehemu. "Leo hii."

"Mimi nitawasaidia," alisema Mzee Ansgar. "Nitakipeleka Songwa, kuna mashimo ya zamani huko. Nitakitupa, mlale salama."

Alishusha ubao na kamba kutoka kwenye pikapu. Askari wa barabarani alimtazama Asteria, maana ruhusa ilikuwa yao wawili. Asteria alimtazama Jenifa, ambaye alikuwa ameziba macho ili asiione ile pikipiki. Mipira alikuwa nayo mkononi. Akaona inatosha.

"Mpeni," alisema.

*

Aliyekamatwa kwanza alikuwa Akida, fundi wa gereji ya Kambarage. Wenzake walisema Samwel alimtukana mbele za watu pikipiki ilipokuwa gereji, akamwita fundi wa baiskeli.

"Mipira hii uliifunga wewe?" Asteria alimwuliza kituoni.

"Naam, mama. Yote miwili, mipya kabisa."

"Na wembe ni wa nani?"

"Wembe wa nini tena?" Akida alitazama vile vipande, akavisukuma mbali. "Subhanallah. Mama, mimi mtu akinitukana namrudishia matusi. Nikizidiwa, ngumi. Lakini kukata breki? Hiyo si hasira, hiyo ni kazi. Mtu amekaa chini, ametulia, amepima."

"Pikipiki ililetwa na nani?"

"Salmini, dalali. Nikaifunga jioni, akaichukua jioni hiyo hiyo. Samwel kakabidhiwa kesho yake asubuhi. Usiku ililala wapi, mwulize Salmini."

"Salmini haonekani."

"Basi na mimi ndiyo nimekuwa Salmini?"

Koplo aliyekuwa mlangoni alimsukuma mahabusu kwa goti. Humo alikaa. Nduguze wako mbali, pwani, na majirani waliogopa kuonekana wakimletea chakula. Aliyemletea chai na maandazi, asubuhi baada ya asubuhi, alikuwa Mzee Ansgar. Wala hawakuwa dini moja.

"Hata mkosaji ana tumbo," alimwambia Asteria akiweka chupa ya chai mezani. "Mmepata mwingine, mwanangu, au ni huyu tu?"

"Ni huyu tu, baba. Tunamtafuta na dalali."

"Mungu awasaidie," alisema mzee, akaenda zake.

*

Siku chache kabla ya mnada uliofuata, Donatus alifika kutoka Geita. Ndiye mtoto wa pekee wa Asteria. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu, na vumbi la duara, shimo lao la kuchimbia, lilikuwa limeganda kwenye kope zake kana kwamba amezeeka kabla ya mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Duara halinenepeshi mtu." Akatoa simu, akamwonyesha picha. Pikipiki nyeupe, kubwa, imeinamisha kichwa kama fahali. "Tazama kwanza. Usiseme kitu. Tazama tu."

"Nimetazama."

"Ni ya zamani, najua. Lakini injini yake, mama! Ukiiwasha, jirani anatoka nje na watoto. Na bei yake ni ya bodaboda iliyochoka."

"Kwa nini iwe bei hiyo?"

"Mwenyewe alifariki. Mjane anataka iondoke."

"Alifariki kwa nini?"

"Mama, ndiyo ushaanza. Malaria!" Donatus alicheka. "Malaria haiachi kutu kwenye injini."

"Nimetoka kumzika kijana wa umri wako. Anayekuuzia ni nani?"

"Nikikutajia utamtumia askari, naye atakimbia, na pikipiki nayo. Nakujua wewe." Akamshika mkono. "Ninaingia chini ya ardhi kila siku, mama, mwamba unaning'inia juu ya kichwa, na hujawahi kunikataza. Leo nataka kitu kimoja cha kukimbilia juu, penye upepo, ndiyo unanizuia?"

Asteria alimfuta vumbi kwenye kope kwa kidole gumba. Ilikuwa kweli.

"Nitakwambia ninavyojua," alisema hatimaye. "Pikipiki ya namna ile si kitu cha kujifunzia. Na kitu kizuri kikiuzwa kwa bei mbaya, kuna jambo ambalo muuzaji analijua na wewe hulijui. Usitoe fedha mpaka niikague kwa mikono yangu."

"Nilishabana breki zake, zinashika vizuri."

"Ulibana ukiwa mwendo gani?"

"Wa mtaani."

"Basi hujabana. Ningoje."

"Sawa, mama. Nitakungoja."

Alisema hivyo akiwa anaitazama ile picha.

*

Siku ya mnada, saa mbili na robo asubuhi, Asteria alikuwa mezani akiandika lebo za vielelezo. Kipande cha ganda jeusi kilimteleza, kikagonga pembe ya meza. Rangi ikabanduka. Chini ya nyeusi kulikuwa na bluu. Alikwangua kwa ukucha. Chini ya bluu, nyekundu.

Alikaa akikitazama. Pikipiki moja, ngozi tatu. Mtu hubadilisha rangi ya chombo anapotaka kisitambulike.

Akampigia simu askari aliyepata kufanya naye kazi, sasa yuko upande wa Songwa.

"Mliwahi kuwa na ajali ya pikipiki ya mbio, ya bluu?"

"Tulikuwa nayo," alijibu yule askari. "Mwaka jana. Kijana aliingia kwenye ng'ombe, siku ya mnada."

"Breki?"

"Nani aangalie breki? Mwendo kasi, tukafunga jalada."

"Na pikipiki iko wapi?"

"Ndugu waliikataa. Aliichukua mzee mmoja mwema sana. Yeye ndiye aliyemfunika marehemu, kwa shuka lake jipya. Alisema ataitupa kwenye mashimo ya Geita."

Asteria alishusha simu. Mtu anaweza kupita mara moja kwenye ajali akiwa na shuka jipya. Mara mbili? Na ubao, na kamba? Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema, mpeni. Alikumbuka chai ya mahabusu, na swali lililokuja pamoja na chai.

Alituma askari nyumbani kwa Ansgar. Wakarudi na jibu la jirani: mzee ameondoka na pikapu asubuhi, amebeba unga, anakwenda msibani.

"Msiba wa wapi?"

"Hakusema."

Saa tatu kasoro, koplo akaingia akimburuta Salmini dalali kwa ukosi. Walimkuta stendi.

"Unamkimbia nani?" aliuliza Asteria.

"Nyinyi, afande! Mteja akifa, wa kwanza kupigwa ni dalali."

"Pikipiki ya Samwel uliipata kwa nani?"

"Kwa Mzee Ansgar. Anawasaidia wajane wa Geita kuuza mali za waume zao. Hachukui hata senti, afande, ni huruma tu. Ana sharti moja, siku ya mwisho chombo kilale kwake, akakiombee."

"Na sharti lingine?"

Salmini alifikiri. "Kukabidhi ni asubuhi ya mnada. Anasema siku ya mnada ina baraka."

"Ameshakupa nyingine?"

"Nyeupe. Nimeikabidhi sasa hivi. Kijana alikuwa na haraka, anasema mama yake akijua ataizuia." Salmini alitabasamu kidogo, akidhani anasaidia. "Mchimbaji wa Geita. Donatus."

Koplo alisimulia baadaye kwamba mama yule hakupiga kelele. Aliinuka, akashika meza, na meza ndiyo iliyolia.

Alimpigia mwanawe. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, huku akikimbilia gari. Ikaita. Donatus alikuwa ndani ya kofia ngumu na ule muungurumo alioutamani, na hakuna simu inayosikika humo.

"Nipige redio, wamsimamishe njiani?" aliuliza koplo akiwasha gari.

"Usithubutu!" Asteria alimshika mkono. "Ukimsimamisha atabana breki. Atakayempungia mkono ndiye atakayemuua."

Gari likatoka. Asteria aliitazama akilini barabara ya kurudi Geita, kipande kwa kipande. Imenyooka, haina haja ya breki, mpaka Didia. Pale ndipo ng'ombe wanapovuka. Mzee alikuwa amechagua mahali, na siku, na akawaachia ng'ombe wamalizie.

Kule Didia alimjua mtu mmoja tu mwenye simu. Akampigia, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Jenifa, mwangaluka, mwanangu. Nisikilize, usiniulize. Ng'ombe wameanza kuvuka?"

"Wanavuka, mayu, mama yangu. Nawaona hapa."

"Inakuja pikipiki nyeupe. Breki zake zimekatwa kama za Samwel. Aliyepanda ni mwanangu. Usimsimamishe. Waondoe ng'ombe. Watu, mikokoteni, kila kitu kitoke njiani. Mwacheni apite!"

Asteria alijua anachomwomba. Anamwomba mjane, ambaye hajamaliza hata matanga, akamfanyie mwana wa mwenzake kile ambacho hakuna aliyemfanyia mume wake.

Kisha akasikia miguu inakimbia, na sauti ya Jenifa ikiwapigia wachungaji kelele, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, kisha kwa matusi. Simu ikakatika.

*

Walipofika Didia barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, na tupu. Ng'ombe walikuwa wamebanwa pande zote mbili, wachungaji wakiwazuia kwa fimbo. Katikati ilisimama pikapu. Mzee Ansgar alikuwa ameshuka, shuka jipya chini ya kwapa, anaangalia mtaro wa kulia, kisha wa kushoto.

Jenifa alikuwa amesimama mbele yake, anahema, miguu haina viatu. Aligeuka akamwona Asteria.

"Amepita, mayu. Kama risasi. Alitupungia mkono."

Asteria alimsogelea mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Unakwenda wapi?"

"Msibani."

"Msiba wa nani?"

Ansgar alifungua kinywa. Akatazama ng'ombe, akatazama unga kwenye pikapu, ubao, kamba.

"Nimekuuliza, baba. Umebeba unga, umebeba sanda. Nani amekufa?"

Hakukuwa na jina la kutaja. Aliyepaswa kufa alikuwa amepita salama mbele ya umati, akipunga mkono.

"Ulijuaje?" aliuliza mzee, taratibu, kama anayeuliza njia.

"Ganda la pikipiki lina rangi tatu. Bluu ni ya Songwa, nyeusi ni ya Samwel, na leo umeipaka nyeupe. Nyekundu sijui ni ya nani."

Uso wa Ansgar ulibadilika kwa mara ya kwanza.

"Nyekundu ni ya Meshack. Mwanangu. Alianguka nayo Ushirombo. Ile ilikuwa ajali, ya Mungu kabisa. Akaja mtu msibani, ana maneno matamu, akasema, niwaondolee kitu hiki. Tukampa, tukamshukuru, mke wangu akambusu mikono. Baada ya mwezi nikaiona Kahama, inauzwa. Nikainunua nikaichome moto. Nilisimama nayo, kiberiti mkononi. Ndipo nikawaza, mbona hakuna aliyemwuliza yule mtu kitu? Mwanangu yuko ardhini, yeye anakula. Na hakuna aliyemwuliza."

"Ukaamua kula na wewe."

"Vijana wale wangekufa tu, afande. Anayepanda kitu kile amekwisha kuamua. Mimi nilikuwa naharakisha. Na shuka nilinunua kwa fedha yangu. Hakuna hata mmoja niliyemwacha na nzi."

Jenifa alikuwa bado na koti alilovikwa siku ile. Alikuwa amelivaa asubuhi zote za matanga kwa sababu ya baridi. Akalivua, akaliangalia, akaliangusha chini ya kwato za ng'ombe.

"Niachieni mimi tu, nimwue," aliwaambia wachungaji, kwa upole. "Nipeni fimbo moja."

Asteria alisimama katikati yao. Alimtia mzee pingu, naye hakupinga.

"Mbele kuna makutano ya Tinde," alimwambia, akimvuta kwa ukosi. "Pale lazima abane breki. Kuna njia gani ya kumwahi? Sema!"

"Hatafika Tinde," alisema Ansgar.

"Umefanya nini kingine?"

"Sijafanya kitu. Mafuta niliyotia ni ya kufika hapa tu." Aliinua mabega. "Kwa nini nimjazie tenki mtu wa kufia Didia?"

*

Walimkuta mbele kidogo, kabla ya Tinde. Alikuwa anaisukuma pikipiki pembeni ya barabara, jasho linamtiririka, kofia imening'inia kwenye usukani. Alipoona gari la polisi alisimama, na alipomwona mama yake anashuka alianza kujitetea kabla hajafika.

"Mama, najua, nilisema nitakungoja. Nigombeze baadaye. Lakini waone watu hawa! Wamenipa pikipiki, hata mafuta ya nusu njia hawakutia. Wachoyo sana. Imenizimikia hapo, ikapunguza mwendo yenyewe mpaka ikasimama. Hata breki sikugusa."

Asteria alimfikia. Alimgusa uso, akamgusa mabega, kama anayehesabu viungo vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

"Mama, vipi? Watu wanatuangalia."

"Kaa juu yake," alisema. "Miguu chini. Sasa bana breki. Si kama mtaani. Bana kama umeona ng'ombe."

Donatus alicheka, akabana kwa mkono wake wa mchimbaji, kwa nguvu zote. Kitu kilipasuka, sauti ndogo tu, kama ganda la karanga. Mkono wa breki ukalala kwenye usukani, na mafuta yakachuruzika juu ya gurudumu, juu ya lami, mpaka kwenye kiatu chake.

Aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akashuka, polepole, akaiachia pikipiki ianguke.